Viongozi wanaojificha nyuma ya dini

Swali: Mimi ni muumini na sioni aibu kusema hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba uchaguzi ukikaribia, viongozi wanajazana kwenye nyumba za ibada, wanataja aya, wanaombewa hadharani, kisha ndugu zangu wa imani wananiambia kwamba kumpinga fulani ni kumpinga Mungu. Baadhi ya wanaosema hivyo ni wasomi kunishinda. Viongozi hufanyaje hata imani yetu ikageuka chombo cha kutughilibu? Na nitamjuaje kiongozi mcha Mungu, nimtofautishe na anayejifanya?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Anayejifanya hutaweza kumtambua, na wala huhitaji. Yaliyomo moyoni mwa mtu hayana shahidi. Wapo watawala walioamini kwa dhati kila neno walilolitamka mbele ya waumini, na bado wakaitumia imani hiyo kukandamiza watu. Ukianza kupima uchamungu wa kiongozi umeingia kwenye uwanja anaoutaka yeye, kwa sababu hapo ana kila nafasi ya kushinda: atafunga, atatokwa machozi, atapiga magoti mbele ya kamera. Swali lenye faida ni jingine. Kabla hajalitaja jina la Mungu, watu walikuwa wakimuuliza nini? Na baada ya kulitaja, swali lile limeishia wapi?

Karibu yote nitakayokuambia yanazunguka hapo. Hila yenyewe ni kubadilisha swali. Lile linaloweza kujibiwa kwa hesabu, kwa ushahidi au kwa kura linaondolewa, na mahali pake linawekwa swali ambalo muumini hawezi kulijibu "hapana" bila kujiona amekufuru.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa Pakistan. Jenerali Muhammad Zia-ul-Haq alipindua serikali Julai 1977 akaahidi uchaguzi ndani ya siku 90. Uchaguzi huo haukufanyika. Februari 1979 alitangaza sheria za Hudud, yaani za adhabu za Kiislamu, na Aprili mwaka huo waziri mkuu aliyempindua, Zulfikar Ali Bhutto, akanyongwa. Miaka ikapita, na swali la nchi likabaki lile lile: huyu aliyeingia kwa bunduki atakaa hadi lini, na nani amemruhusu? Tarehe 19 Desemba 1984 akawaita wananchi kwenye kura ya maoni. Karatasi haikuuliza kama wanamtaka Zia awe rais. Iliuliza kama wanaunga mkono hatua alizozianzisha za kuzilinganisha sheria za nchi na Qur'ani na Sunna, pamoja na kuilinda itikadi ya Pakistan. Na ilikuwa imeshatangazwa kwamba wengi wakisema "ndiyo", basi jenerali amechaguliwa kuwa rais kwa miaka mitano.

Jiweke mahali pa Mwislamu aliyesimama na karatasi ile mkononi. Akisema hapana, amekataa nini, udikteta au Qur'ani? Hakuachiwa njia ya kuvitenganisha. Wapinzani walisusia, na matokeo rasmi yakampa jenerali zaidi ya asilimia 97. Kwa maelezo ya wengi, Zia alikuwa mtu wa ibada. Sasa angalia jinsi habari hiyo isivyotusaidia chochote. Awe alikuwa akikesha kwa sala au asiwe, karatasi ile ilikuwa mtego.

Mchezo huu ni mkongwe. Mwaka 59 kabla ya Kristo, Roma ilikuwa na makonsuli wawili, yaani watawala wakuu wa mwaka huo, Julius Caesar na Marcus Bibulus. Caesar alileta muswada wa kuwagawia ardhi maskini na askari waliostaafu. Bibulus, aliyekuwa upande wa wakubwa, alipozidiwa nguvu alijifungia nyumbani na kutangaza kwamba anatazama anga akisubiri ishara za miungu. Kwa taratibu za dini ya Roma, jambo hilo lilitosha kuutia dosari mkutano wowote wa wananchi. Basi hoja ikawa si ardhi tena, ikawa ni kama miungu imeridhia. Caesar alimpuuza akaendelea na muswada wake, na Caesar huyo huyo ndiye aliyekuwa kuhani mkuu wa dola! Siasa ina vichekesho vyake.

Tuje karibu na wakati wetu. Jakarta, mwaka 2016, ilikuwa na gavana aitwaye Basuki Tjahaja Purnama, maarufu kama Ahok, Mkristo mwenye asili ya Kichina katika jiji la Waislamu wengi. Tafiti za maoni ya watu za wakati ule zilionyesha kwamba wakazi wengi waliridhika na kazi yake. Swali la uchaguzi lingekuwa hilo tu: amefanya kazi au hakufanya? Septemba mwaka huo akatoa hotuba akiwatahadharisha watu wasidanganywe na wale wanaoitumia aya ya 51 ya Sura Al-Maida, inayowakataza waumini kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa walinzi wao, kuwazuia wasimpigie kura. Kipande cha video kikasambazwa, na maandishi yaliyoambatana nacho yakaacha neno moja, kiasi cha kuonekana kwamba amesema aya yenyewe ndiyo inayodanganya. Desemba 2 umati mkubwa ukafurika katikati ya jiji kumpinga. Aprili 2017 akashindwa uchaguzi, Mei akafungwa miaka miwili kwa kosa la kukufuru. Aliyekisambaza kipande kile naye alitiwa hatiani baadaye mwaka huo huo, lakini kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kuhusu busara ya Ahok kuigusa aya asiyoiamini, na mimi naona hakuwa na busara. Lakini swali la kazi yake halikusikika tena.

India ina mfano mzito zaidi. Agosti 1990 serikali ya waziri mkuu V. P. Singh ilitangaza kutenga sehemu ya nafasi za kazi serikalini kwa ajili ya matabaka yaliyoachwa nyuma. Ghafla mjadala wa taifa ukawa ni nani anapata kazi na nani amezoea kuzipata peke yake. Kwa chama cha BJP, kilichotaka kura za Wahindu wote kwa pamoja, mjadala huo ulikuwa hatari kwa sababu uliwagawa wafuasi wake kwa tabaka. Mwezi uliofuata kiongozi wake, L. K. Advani, akaanza safari kutoka Somnath kuelekea Ayodhya ndani ya gari lililopambwa likafanana na gari la vita la hadithi za kale, akidai hekalu la Rama, mungu wa Wahindu, lijengwe mahali uliposimama msikiti wa Babri. Kampeni ya hekalu ilikuwepo tangu kabla, lakini sasa ilipata injini. Viti vya BJP bungeni vilikuwa 2 mwaka 1984 na 85 mwaka 1989. Uchaguzi wa 1991 vikawa 120. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000.

Hapo unaona kwamba kubadilisha swali mara nyingi huhitaji adui. Muumini hawezi kuambiwa tu "sahau bei ya maisha". Lazima apewe jambo linalotisha kuliko bei ya maisha, na hakuna linalotisha kama kuambiwa dini yako inataka kufutwa. Qur'ani inamwonyesha Firauni mwenyewe akitumia njia hiyo. Katika Sura Ghafir, aya ya 26, anaomba aachwe amuue Musa, na sababu anayoitoa ni kwamba anachelea Musa asije akaibadilisha dini ya watu au kueneza uharibifu katika nchi. Firauni, mlinzi wa dini! Kila nikisikia kiongozi akisema amekuja kuitetea imani dhidi ya maadui wasiotajwa majina, aya hii hunijia.

Njia nyingine ya kuligundua badiliko la swali ni kuangalia kalenda. Uliza: huyu alianza lini kuwa mtu wa dini hadharani, na wakati huo alikuwa na shida gani? Benito Mussolini alikuwa kijana aliyetangaza waziwazi kwamba Mungu hayupo. Februari 1929 akatia saini Mapatano ya Lateran na Papa, na mwezi uliofuata wapiga kura wa Italia wakaitwa kuikubali au kuikataa orodha moja tu ya wabunge, mapadri wengi wakiwahimiza kuikubali. Josef Stalin aliliangusha kwa baruti Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi jijini Moscow mwaka 1931. Septemba 1943, vita vikiwa vimemkausha, akawaita Kremlin maaskofu wakuu watatu akawaruhusu wachague Patriaki, mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi. Siku chache baadaye Patriaki huyo akawa amechaguliwa. Saddam Hussein aliongoza chama kisichojali dini kwa muda mrefu. Januari 1991, majeshi ya Marekani na washirika wake yakijiandaa kumshambulia, maneno "Allahu Akbar" yakaongezwa kwenye bendera ya Irak. Jaafar Nimeiry wa Sudan aliingia madarakani mwaka 1969 akiungwa mkono na wakomunisti. Septemba 1983, uchumi umemwelemea na vita vya kusini vimerudi, akatangaza sharia. Januari 1985 serikali yake ikamnyonga Mahmoud Mohammed Taha, mwanazuoni wa zaidi ya miaka 70 aliyezipinga sheria hizo kwa hoja za Uislamu huo huo. Miezi mitatu haikuisha kabla Nimeiry mwenyewe hajapinduliwa.

Sisemi kwamba mtu hawezi kutubu akiwa na shida. Wengi tunamkumbuka Mungu wakati huo hasa. Lakini toba ya mtu wa kawaida humgharimu yeye mwenyewe. Toba inayomwongezea mtu muda wa kutawala inastahili kutazamwa mara mbili.

Umesema wanataja aya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo muumini kama wewe ana nguvu kuliko anavyodhani. Aya zinazopendwa na watawala ni chache mno, ni zile zile, na karibu zote husomwa nusu.

Chukua "Msiwaguse masihi wangu", Zaburi 105:15. Hutajwa kila anapokosolewa mkubwa wa siasa au wa kanisa, kwa maana kwamba mpakwa mafuta haulizwi. Rudi mistari michache nyuma. Wanaosemwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa, na maandiko yanasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Maneno yaliyosemwa kumlinda mgeni asiye na nguvu dhidi ya mfalme yanatumika kumlinda mfalme. Sijui aya nyingine iliyopinduliwa kichwa chini namna hii.

Kwa Waislamu, aya inayopendwa ni ya 59 ya Sura An-Nisaa: mtiini Mwenyezi Mungu, mtiini Mtume, na wenye mamlaka miongoni mwenu. Msemaji wa ikulu huishia hapo. Aya yenyewe haiishii hapo. Inaendelea kusema kwamba mkizozana katika jambo lolote, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Yaani aya inatarajia mzozo kati ya raia na mwenye mamlaka, na haimpi mwenye mamlaka neno la mwisho. Abu Bakr, alipopewa ukhalifa, inasimuliwa aliwaambia watu kwamba ametawalishwa juu yao naye si mbora wao. Akifanya vyema wamsaidie, akienda kombo wamnyooshe.

Na Warumi 13, "kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu". Pasaka ya mwaka 1985, Rais P. W. Botha wa Afrika Kusini alikwenda Moria kuhutubia mkusanyiko mkubwa wa waumini wa Zion Christian Church, karibu wote Waafrika wasiokuwa na haki ya kumpigia kura, akawakumbusha sura hiyo. Julai mwaka huo akatangaza hali ya hatari katika sehemu za nchi. Septemba, wanateolojia wa nchi hiyo wakatoa Waraka wa Kairos, wakaliita somo la aina hiyo "teolojia ya dola" na kueleza kwamba Paulo hakuwa akiandikia waumini kuhusu serikali dhalimu ifanyayo lolote ipendalo. Kitabu cha Warumi kilikuwa kile kile mikononi mwa pande zote mbili. Tofauti ni nani aliyekisoma hadi mwisho wa hoja.

Ali bin Abi Talib aliwahi kuwasikia Khawarij, kundi lililomwasi, wakipaza sauti kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hakuyakanusha maneno yenyewe, angeyakanushaje? Alisema ni neno la haki lililokusudiwa batili. Wachambuzi wa siasa tumeandika kurasa nyingi kulieleza jambo hili, na sidhani tumemzidi.

Lakini kiongozi hafanyi haya peke yake. Anahitaji mtu wa kumfungulia mlango, na mtu huyo ni kiongozi wa dini. Biblia inalijua hilo vizuri. Yeroboamu, katika 1 Wafalme 12, anaogopa kwamba watu wakiendelea kwenda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itamrudia mfalme wa huko. Hiyo ni hesabu ya siasa tupu. Anachowaambia watu ni kitu kingine: ni vigumu kwenu kupanda hadi Yerusalemu, miungu yenu hii hapa Betheli na Dani. Kisha anateua makuhani wake mwenyewe. Sura kumi mbele, Ahabu ana manabii wapatao 400 wanaomwambia kwa sauti moja apande vitani atashinda. Mikaya peke yake anasema kinyume, anapigwa kofi na kutiwa gerezani. Ahabu anakufa vitani. Nikikutana na mkutano wa viongozi wa dini ambao wote bila kubakiza mmoja wanakubaliana na mfalme, huwa najiuliza Mikaya wao yuko wapi.

Kwa nini wanakubali? Wengine kwa hofu. Wengine kwa vitu: viwanja, msamaha wa kodi, magari, michango ya ujenzi, nafasi ya kuketi safu ya mbele. Na wengine, tuseme kwa haki, kwa sababu wanaamini kwa moyo mweupe kwamba wamempata mtawala atakayelifanya taifa liwe la Mungu. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu halina rushwa ndani yake. Tarehe 29 Desemba 1991, Frederick Chiluba, akiwa na miezi miwili tu madarakani, aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, na Wakristo wengi walishangilia kwa dhati. Tamko likaingia kwenye katiba mwaka 1996. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika kesi ya madai, iliamua kwamba alishiriki njama ya kuchota fedha za nchi yake zipatazo dola milioni 46. Yeye alikana, na mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ikamwachia huru katika kesi ya jinai. Lakini ni makanisa ya Zambia, pamoja na chama cha wanasheria na mashirika ya wanawake, yaliyosimama mwaka 2001 kuzuia asigombee muhula wa tatu. Wengi wao walilipenda tamko la 1991. Walilitenganisha na mtu aliyelitoa, na huko kutenganisha ndiko mtego wa Zia ulikokusudia kukuzuia.

Mahali pengine hakukuwa na kutenganisha. Septemba 2022, Urusi ilipokuwa ikiwaita wanaume jeshini kwa ajili ya vita vya Ukraine, Patriaki Kirill alihubiri kwamba askari anayekufa akitimiza wajibu wake wa kijeshi dhambi zake zote zinasafishwa. Swali la mama wa askari lilikuwa jepesi: mwanangu anakufa kwa sababu gani? Akapewa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Kuhusu wasomi. Umeshangaa kwamba wenzako wenye elimu wanaingia humo, mimi sishangai. Hila hii haifanyi kazi kwa kumficha mtu habari, kwa hiyo kuwa na habari nyingi si kinga. Inafanya kazi kwa kumwekea gharama. Anayehoji hahatarishi hoja tu: anahatarisha mahali alipofungia ndoa, watu waliomzika mzazi wake, jina lake mbele ya watoto wake. Msomi analo jambo moja la ziada, naye hulitumia vibaya: anajua kutunga sababu. Mtu wa kawaida akimpenda kiongozi atasema nampenda. Msomi atakuletea nadharia, historia na aya tatu kuonyesha kwamba kumpenda ni wajibu. Na usisahau kwamba kuamini watu wa imani yako si ujinga. Katika mambo mengi ya maisha ni busara, maana hao ndio watakaokukopesha na kukuuguza. Mwanasiasa anakuja kuchota kwenye kisima ambacho hakukichimba.

Wakati mwingine kisima humzamisha yeye mwenyewe. S. W. R. D. Bandaranaike alishinda uchaguzi wa Sri Lanka mwaka 1956 kwa msaada mkubwa wa watawa wa Kibudha waliozunguka nchi nzima kumpigia kampeni. Alipojaribu kupatana na Watamil, jamii ya walio wachache nchini humo, watawa walimbana hadi akauvunja mkataba aliokuwa ameutia saini. Septemba 1959 alipigwa risasi nyumbani kwake, na aliyempiga alikuwa mtawa. Ukiwafundisha watu kwamba siasa ni imani, umewafundisha pia kwamba maridhiano ni usaliti.

Najua swali linalofuata, ingawa hukuliuliza: je, basi dini ikae nje ya siasa kabisa? Hapana, na anayesema hivyo mara nyingi ni mtawala aliyechoka kusikia maaskofu na masheikh wakimkemea. Tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa Katoliki ya Malawi ulisomwa waraka wa maaskofu wa nchi hiyo. Kamuzu Banda, rais wa maisha tangu 1971 na mzee wa Kanisa la Uskoti, alikuwa hajawahi kuambiwa hadharani mambo yale: hospitali zisizo na huduma, shule zilizojaa kupita kiasi, upendeleo, watu wasioweza kusema wanachofikiri. Maaskofu wakaitwa na polisi kuhojiwa. Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya kurudisha vyama vingi.

Linganisha waraka ule na karatasi ya Zia. Vyote viwili vimejaa dini. Lakini maaskofu walitoka kwenye imani kuelekea swali linalopimika: nendeni hospitalini mkaangalie kama tunasema uongo. Zia alitoka kwenye swali linalopimika akakimbilia imani ili lisipimwe. Vilevile, waliosema Malawi walijiweka hatarini, hawakujiongezea cheo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, naye hakupata chochote cha dunia kutokana na kuitaja dini yake.

Kwa hiyo kiongozi wa siasa akitaja imani, mwache aitaje, kisha mrudishe kwenye jambo lake. Amesema Mungu amemtuma kuwahudumia maskini? Vizuri, tuonyeshe bajeti. Amesema anapigania maadili ya familia? Wafanyakazi wa serikali wanalipwa kwa wakati ili walee hizo familia? Mcha Mungu hataudhika na maswali hayo. Daudi alipoambiwa na nabii Nathani "wewe ndiwe mtu huyo", alijibu kwamba amefanya dhambi. Hakuuliza Nathani anatumwa na nani. Ukiona mtu anajibu swali la fedha kwa kutaja maadui wa imani, umeshajibiwa kuhusu fedha.

Wapiga kura wanaweza kulirudisha swali lao, hata baada ya miaka mingi. Januari 2024 Narendra Modi, waziri mkuu wa India kutoka BJP, aliongoza ibada ya kulizindua hekalu la Rama pale Ayodhya, miezi michache kabla ya uchaguzi. Juni, matokeo yalipotoka, BJP ilikuwa imekishindwa kiti cha Faizabad, jimbo ambalo Ayodhya yenyewe imo ndani yake. Walioshindwa kulala kwa ajili ya fidia za nyumba zilizobomolewa kupisha barabara za kwenda hekaluni walikuwa na swali lao, na hawakuacha kuwa Wahindu walipoliuliza.

Ndani ya jumuiya yako ya ibada kuna jambo la utaratibu tu ambalo hufaa kuliko mabishano: amueni mapema, kabla msimu wa kampeni haujaanza na kabla hajajulikana nani atakuja, kwamba mgeni wa siasa anakaribishwa kuabudu na hapewi kipaza sauti. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya alitangaza msimamo wa aina hiyo mbele ya wanasiasa wenyewe. Michango nayo ipokelewe kama ya muumini mwingine yeyote, iandikwe kwenye daftari, isitangazwe jina. Na anayekuambia kwamba kumpinga fulani ni kumpinga Mungu, usibishane naye kuhusu fulani. Mwombe mfungue pamoja aya anayoitegemea, msome kuanzia mistari mitano kabla yake hadi mitano baada yake.